Mfumo wa chaji wa pikipiki: maana yake, na jinsi ya kuutafutia hitilafu

Pikipiki ikigoma kuwaka, wa kwanza kulaumiwa ni betri. Inanunuliwa mpya, inawasha vizuri siku tatu nne, halafu mchezo unarudi ule ule: honi inakoroma, indiketa zinawaka kwa uvivu. Betri ni ghala tu. Anayelijaza ghala hilo ni mfumo wa chaji, na usipojaza, hata betri mpya itakauka.

Mfumo wenyewe una vitu vitatu: magineti, koili na regyuleta. Magineti ni bakuli zito la chuma lenye sumaku kwa ndani, limefungwa kwenye ncha ya kranki, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na injini. Katikati yake imekaa koili, nayo haizunguki. Injini ikizungusha sumaku kuipita koili, umeme unazaliwa. (Koili hii mafundi wengi huiita stata, jina lile lile la mota ya kuwashia. Ukiambiwa "stata imekufa", uliza ipi kabla hujatoa pesa.)

Umeme wa koili ni wa mkondo geu (AC, unaobadili mwelekeo kila mara), na volti zake hupanda na kushuka kwa kufuata resi. Betri haiwezi kuupokea hivyo. Regyuleta huugeuza uwe mkondo mnyoofu (DC) na kuuzuia usivuke volti 14 na ushei. Sasa hapa ndipo penye siri ya hitilafu nyingi: sumaku ya kudumu haizimiki. Oltaneta, kifaa kinachozalisha umeme kwenye gari, hupunguziwa nguvu pale umeme unapokuwa wa kutosha, lakini magineti ya pikipiki huzalisha muda wote injini inapozunguka, uutake usiutake. Regyuleta za kawaida humaliza ziada hiyo kwa kuiunganisha koili na bodi, na kazi hiyo huzaa joto jingi. Ndiyo maana zina mapezi ya aluminiamu na hufungwa penye upepo. Ikihamishiwa chini ya siti, au ikiachwa imegandwa na tope, inajipika yenyewe.

Kupima kunahitaji maltimita ya kawaida na betri iliyojazwa kwanza. Ukipima na betri mfu, namba zote zitakudanganya. Injini ikiwa imezimwa, betri ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6 hadi 12.8. Washa, kisha piga resi mpaka mizunguko kama 4,000 kwa dakika. Pikipiki nyingi hapo husoma kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, au ikishuka, chaji haifiki kwenye betri. Ikivuka 15, regyuleta imeshindwa kuzuia: balbu zitaungua ovyo na maji ya betri yatakauka. Na usichomoe waya wa betri injini ikiwaka ili "kuona kama inajichaji". Mchezo huo unaweza kuua hata regyuleta iliyo nzima.

Chaji isipofika, mimi naanza na soketi kabla ya kifaa chochote. Niliwahi kubadilisha betri mara mbili, kumbe soketi ya nyaya za koili ilikuwa imeyeyuka upande mmoja. Plastiki yake nyeupe imegeuka rangi ya chai, pini moja imeota kutu ya kijani. Kiungo kilicholegea hupata joto, joto hukilegeza zaidi. Angalia na waya wa hasi unapofungwa kwenye fremu, pamoja na fyuzi kubwa.

Soketi zikiwa safi, zima injini, chomoa koili kwenye regyuleta. Kwenye mifumo ya nyaya tatu, mara nyingi za njano, pima omu (ukinzani) kwa jozi, yaani waya mbili mbili. Jozi zote tatu zisome karibu sawa, namba ndogo sana. Kisha gusisha kila waya na bodi: pasiwe na mawasiliano kabisa. Yakiwepo, koili imeungua. Baada ya hapo washa injini, koili ikiwa bado imechomolewa, weka maltimita kwenye volti za mkondo geu. Jozi zote zipande pamoja kadiri unavyopiga resi, na kwenye resi ya juu nyingi huvuka volti 50, kwa hiyo vidole viwe mbali. Koili ikifaulu na nyaya zikiwa nzima, anayebaki ni regyuleta.

Kuna wakati namba zote ni nzuri na bado betri inaamka imekufa. Hapo, kama betri yenyewe haijachoka, kuna kitu kinanyonya umeme wakati swichi imezimwa, mara nyingi alamu au chaja ya simu iliyoungwa moja kwa moja kwenye betri. Fungua waya wa hasi, weka maltimita ya ampia kati yake na betri, kisha chomoa fyuzi moja moja na nyongeza zote mpaka namba ianguke.