Nyumba ya bure ng'ambo? Si hivyo

Kuna imani ya miaka mingi kwamba mwanajeshi akipangiwa kituo nje ya nchi, yeye na familia yake hupewa nyumba nzuri bure. Ukweli una mapana zaidi.

Kwanza, si kila kituo kinaruhusu familia. Vikosi vya kulinda amani vya Umoja wa Mataifa huishi kambini, kwenye mahema au makontena, na mke, mume na watoto hubaki nyumbani.

Pili, wanajeshi wa Uingereza wanaopewa nyumba za jeshi hukatwa kodi ya nyumba kwenye mshahara. Wamarekani wanaopanga uraiani hulipiwa kodi halisi hadi kikomo fulani. Ukipata nyumba ya bei nafuu, chenji huioni.

Halafu hali yenyewe ya nyumba. Ujerumani, nyumba nyingi za kupanga hukabidhiwa bila makabati ya jikoni, wakati mwingine hata bila taa: nyaya tu zinaning'inia darini. Umeme ni volti 230, kwa hiyo jokofu lililotoka Marekani, la volti 120, linahitaji transfoma. Hilo nalo, kwa maoni yangu, halifanani sana na anasa.