Gemu na mkutano wa video vinaweza kukaa nyumba moja

Wiki chache zilizopita mama mmoja alipiga simu kwenye dawati letu la msaada akiwa katikati ya mkutano wa video uliokuwa ukimharibikia. Picha yake ilikuwa imeganda kwenye skrini za wenzake, na sauti iliwafikia vipande vipande. Mkosaji alikwisha kumjua: mwanawe, aliyekuwa chumba cha pili akicheza gemu. Mtoto alikwisha kugombezwa na mashine ya gemu kuzimwa, lakini mkutano uliendelea kukwama vile vile.

Nilimwomba afungue dirisha la amri kwenye kompyuta, aandike ping na anwani ya tovuti yoyote, kisha anisomee namba zinazotokea. Amri hiyo hupima muda ambao ujumbe mdogo unatumia kwenda na kurudi. Akasoma: 740, 910, 1,130. Hizo ni milisekunde, kwa hiyo ile ya mwisho ni sekunde nzima na ushei. Nikamuuliza, "Mama, simu hiyo unayonipigia, imeunganishwa na Wi-Fi?" Ilikuwa imeunganishwa, na ilikuwa ikipandisha video za jana yake kwenye hifadhi ya mtandaoni, moja baada ya nyingine. Akasitisha. "Thelathini na moja," akasoma. "Ishirini na tisa. Thelathini na tatu." Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa alikuwa amekishika mkononi.

Katika nyumba nyingi gemu imefanywa bangusilo, na inaniuma kuona watoto wakizimiwa mashine kwa kosa lisilo lao. Watu husema gemu na mkutano wa video ni fahali wawili zizi moja. Ukweli ni kwamba hakuna fahali hapo. Gemu inapochezwa hutuma taarifa ndogo ndogo tu, mchezaji yuko wapi na amebonyeza nini, na mara nyingi haifikishi hata megabiti 1 kwa sekunde. Mkutano wa video hutumia takriban megabiti 1 hadi 4 kila upande, kutegemea ubora wa picha. Vyote viwili vinachohitaji zaidi ni kufika kwa wakati. Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, unaichukulia milisekunde 150 kwa upande mmoja kuwa kiwango ambacho chini yake mazungumzo ya sauti huenda vizuri.

Wanaoshiba mpaka wenzao wakose ni wengine: simu inayopandisha picha, kompyuta inayosawazisha mafaili, na gemu yenyewe, ila si inapochezwa bali inapopakuliwa. Zipo gemu zinazozidi gigabaiti 100, na kila baiti ni biti 8. Kwenye laini ya megabiti 20 kwa sekunde, mzigo kama huo huchukua zaidi ya saa 11.

Sasa tuitazame foleni, kwa sababu hapo ndipo penye kiini. Ndani ya ruta, kifaa kinachogawa mtandao nyumbani, au modemu, kile kinachouunganisha na laini ya nje, kuna kumbukumbu ambamo pakiti, yaani vipande vidogo vya data, hungoja zamu ya kutoka. Tuseme kasi yako ya kupandisha ni megabiti 2 kwa sekunde na kumbukumbu hiyo ina nafasi ya kilobaiti 500. Kilobaiti 500 ni megabiti 4. Ikijaa, pakiti inayoingia sasa hivi itasubiri sekunde 2 kabla haijatoka nje ya nyumba, hata kama imebeba neno moja tu la "naam". Na kujaa itajaa tu, kwa maana TCP, kanuni inayoongoza usafirishaji mwingi wa mafaili, kwa kawaida huzidi kuongeza kasi mpaka ione pakiti imepotea. Kumbukumbu kubwa huchelewesha kupotea huko, basi mtumaji hudhani njia ni nyeupe na kuendelea kumimina. Upakuaji nao huumia, kwa kuwa kila kinachopokelewa lazima kitumiwe risiti, na risiti hizo zimekwama kwenye foleni ile ile.

Mhandisi Jim Gettys alilifuatilia tatizo hili mwaka 2010 baada ya kuhamisha faili kubwa kutoka nyumbani kwake na kuona mtandao wa nyumba nzima ukizorota. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa dawa waliyoiita CoDel. Haiangalii foleni ina urefu gani, inaangalia pakiti imesubiri kwa muda gani. Kusubiri kukizidi milisekunde 5 mfululizo kwa kipindi cha milisekunde 100, huanza kuangusha pakiti ili mtumaji apunguze kasi. Baadaye ikaja FQ-CoDel, ambayo huupa kila muunganisho foleni yake na kuzipitia kwa zamu. Mwenye pakiti mbili hasubiri tena mwenye elfu moja amalize.

Lakini zamu ya nani? Hapa naomba msomaji atulie kidogo. Ukigawa kwa muunganisho, programu ya kupakua iliyofungua miunganisho 30 itapata zamu 30, na mkutano wako wenye mmoja utapata moja. Mfumo wa CAKE, ulioingizwa kwenye mfumo endeshi wa Linux mwaka 2018, unaweza kugawa kwanza kwa kifaa, kisha ndani ya kifaa kwa muunganisho. Kwa nyumba yenye watu kadhaa, mgawanyo huo ndio ninaouona wa haki.

Kwa sababu hiyo sipendekezi ule mpangilio wa kukipa kipaumbele kifaa cha gemu, ingawa ruta nyingi huutangaza. Siku gemu ikianza kupakua sasisho, kipaumbele hicho hicho kitaubeba mzigo wote, na mkutano utakuwa wa kwanza kuumia.

Fungua ukurasa wa mipangilio ya ruta utafute herufi SQM (usimamizi erevu wa foleni), au QoS (ubora wa huduma) yenye chaguo la FQ-CoDel au CAKE. Pima kasi yako kwa kebo wakati hakuna mwingine anayetumia, kisha uandike asilimia 85 hadi 90 ya kipimo hicho, kupakua na kupandisha kila kimoja peke yake. Ile kasi kidogo unayoiacha ndiyo inayoihamisha foleni kutoka kwenye modemu, usikoweza kuigusa, hadi ndani ya ruta yako. Halafu anzisha upandishaji wa faili kubwa na urudie ping. Namba zikibaki karibu na zile za wakati wa utulivu, umefaulu.

Ruta isiyo na mpangilio huo haina maana umeshindwa. Programu nyingi za kupakua hukubali kuwekewa kikomo cha kasi, na PlayStation na Xbox zinaweza kupakua masasisho zikiwa katika hali ya kupumzika, watu wamelala. Yule mama alizima upandishaji wa moja kwa moja. Sasa huuwasha usiku kabla ya kulala, na mwanawe anacheza mchana bila kugombezwa.

Wi-Fi nayo ina foleni zake. Mashine ya gemu isiyohama ichomekewe kebo, na kompyuta ya mikutano itumie bendi ya gigahezi 5 ikiwa iko karibu na ruta.

Kwa wanaotumia ruta ya laini ya simu, tahadhari moja: kasi hupanda na kushuka kadiri watu wanavyojaa kwenye mnara, na kikomo kilichofaa asubuhi kinaweza kuwa juu mno jioni. Pima jioni, mara tatu au nne kwa siku tofauti, na uanzie kwenye kipimo cha chini kabisa ulichokipata.