TSH ikipanda haimaanishi thairoidi inachapa kazi

Mtu akiona TSH (homoni inayopimwa kwenye damu kuangalia thairoidi, ile tezi ya shingoni) iko juu kwenye majibu ya maabara anasema moja kwa moja thairoidi yangu imezidi. Hapana jamani, mara nyingi ni kinyume chake. TSH haitoki kwenye thairoidi, inatoka kwenye pituitari, katezi kadogo kama punje ya njegere kalikoko chini ya ubongo, kazi ya TSH ni kuisukuma thairoidi itoe homoni zake, T4 na T3, sasa hizo zikipungua kwenye damu pituitari inamwaga TSH zaidi, zikizidi inapunguza. Kwa hiyo TSH ya juu kwa kawaida ni dalili kwamba thairoidi imezembea. (Pituitari nayo ina mkubwa wake, haipothalamasi, sehemu ya ubongo, anayeiamrisha kwa homoni ya TRH.)

Ya pili ndo inaniudhi zaidi: "TSH yangu iko sawa, basi sina shida." Kwa wengi ni kweli. Ila kama pituitari yenyewe ndo mgonjwa, labda ina uvimbe, au ilipigwa mionzi, au mama alivuja damu nyingi sana wakati wa kujifungua, haiwezi kupandisha TSH ipasavyo hata T4 ishuke vipi, yani karatasi inaonyesha TSH ya kawaida na mtu anasikia baridi, kachoka, choo kigumu. Hapo lazima ipimwe na T4 huru (ile isiyoshikwa na protini kwenye damu), na akianza dawa dozi inafuata T4, sio TSH. Halafu kotisoli iangaliwe kabla ya kumeza levothairoksini (T4 ya vidonge), maana pituitari hiyo hiyo ndo inayochochea tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zitoe homoni hiyo ya kotisoli, na kama kotisoli iko chini ukaanza levothairoksini peke yake unaweza kumzidishia mtu hatari.

Wengine wanadhani thairoidi ikizidisha homoni ni pituitari imeituma. Ni nadra sana hiyo. Kwenye ugonjwa wa Graves ni kingamwili zinazojibandika kwenye thairoidi pale TSH inapogusa na kuisukuma, pituitari ilishanyamaza zamani.

Na wale wa kubadilisha dozi leo wiki ijayo wanarudi maabara, T4 inachukua kama siku 7 kupungua nusu na pituitari inachelewa kuzoea, subiri wiki 6 hadi 8. Kama unameza biotini, zile vitamini za nywele na kucha, mwambie daktari mapema, kuna vipimo zinavyovidanganya TSH ikaonekana imeshuka wakati haijashuka.