Kiti kipo, hewa ndiyo haipo: helikopta na kesho yake katika anga la Dodoma

Februari ya miaka michache iliyopita mvua zilikata barabara, tukatumwa na helikopta kwenda kuwatoa watumishi watano wa afya waliokwama katika kijiji kimoja cha Mpwapwa. Tulitua kwenye uwanja wa shule saa nane mchana, jua likiwaka baada ya mvua ya asubuhi, miembe imeuzunguka uwanja pande tatu. Mimi nilishuka nibaki, ili kupunguza uzito. Hata hivyo rubani aliwapakia wanne tu. Wa tano, nesi aliyekuwa amekumbatia boksi la baridi la chanjo, akaambiwa asubiri kesho. Kiti chake kilikuwa wazi, mkanda unaning'inia, na kila mtu anakiona.

Mtendaji wa kijiji hakuvumilia. "Kapteni, kiti si hicho hapo?"

"Kiti kipo, mtendaji. Hewa ndiyo haipo."

Watu walicheka wakidhani ni mzaha. Tangu siku hiyo, nikitaka kueleza usalama wa helikopta kwa wasio wataalamu, naanzia kwenye kile kiti.

Helikopta hubebwa na hewa. Mapanga yake yanapozunguka huisukuma hewa chini, nayo hewa huiinua ndege juu. Hewa ikiwa nyepesi, mapanga yale yale kwa mwendo ule ule hushika kidogo. Injini nayo huvuta hewa hiyo hiyo ili ichome mafuta, kwa hiyo hupungukiwa nguvu wakati inapohitajika zaidi. Vinavyoifanya hewa iwe nyepesi hasa ni viwili, mwinuko na joto, na sisi wa Dodoma tumejaliwa vyote. Uwanja wetu wa ndege uko zaidi kidogo ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri ya Julai, joto likiwa nyuzi 15, helikopta huihisi hewa yetu kama ya mita 1,400 hivi. Mchana wa Novemba joto likifika nyuzi 32, uwanja ule ule, bila kusogea hata hatua, huwa kama uko mita 2,000, juu kuliko Mbeya mjini. Hapo uzito wa hewa umepungua kwa karibu asilimia 17 ukilinganisha na hewa ya kawaida ya pwani.

Ongeza miembe. Helikopta inapoelea karibu na ardhi, upepo wake unagonga chini na kuisaidia, kama imekalia mto wa kulalia. Kwenye uwanja mpana rubani hutumia mto huo, akaenda mbele taratibu hadi mwendo wenyewe umbebe. Palipozungukwa na miti hana nafasi hiyo. Lazima apande wima, na akishafika usawa wa matawi mto haupo tena, nguvu yote inatoka kwenye injini. Halafu kuna mafuta. Lita 100 za mafuta ya ndege zina uzito wa kilo 80 hivi, yaani mtu mzima mmoja, na vijijini hakuna pa kuongeza, kwa hiyo mafuta ya kurudia unakwenda nayo. Rubani wetu alikuwa ameyapiga mahesabu hayo kwa kalamu juu ya goti kabla hajafungua mlango.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu vijana wa vyuo vya hapa mjini wakinialika, swali la kwanza huwa ni teksi za angani, vile vindege vya betri vinavyopaa wima: lini zitaanza kubeba watu kutoka Mji wa Serikali Mtumba hadi katikati ya jiji? Mimi huwarudisha kwenye kiti. Kilo moja ya mafuta ya ndege ina nishati ya kilowati-saa 12 hivi. Kilo moja ya betri nzuri ya lithiamu ina kama robo ya kilowati-saa. Hata ukikumbuka kwamba mota ya umeme haipotezi nishati kama injini, pengo bado ni zaidi ya mara kumi. Tena mafuta huungua, ndege ikatua ikiwa nyepesi kuliko ilivyopaa, ilhali betri iliyoisha chaji ina uzito ule ule wa betri iliyojaa. Mwaka 2024 kampuni mbili za Ujerumani zilizosifiwa sana katika mbio hizo, Lilium na Volocopter, zilijikuta mahakamani kwa kufilisika. Sisemi ndege hizo hazitakuja. Nasema zitakapokuja Dodoma zitaikuta saa nane ya mchana inazisubiri.

Kuna utafiti mwingine ambao ni mzuri lakini kwetu hautatui tatizo kubwa. Ufaransa, Airbus wameirusha Racer tangu Aprili 2024, helikopta yenye mapanga mawili pembeni ya kuisukuma mbele, ikapita kilomita 400 kwa saa wakati helikopta za kawaida huenda 220 hadi 260. Hongera kwao. Mgonjwa wa Kibakwe hachelewi kwa sababu helikopta ni ya polepole; anachelewa kwa sababu hakuna pa kutua.

Kinachonivutia zaidi kilitokea mbali, kwenye sayari ya Mars. Aprili 19, 2021 wanasayansi wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, walirusha huko kihelikopta cha kilo 1.8 kiitwacho Ingenuity. Hewa ya Mars ina uzito wa kama asilimia moja tu ya hewa yetu, kwa hiyo walikiwekea mapanga mapana na mepesi, yakizunguka zaidi ya mara 2,400 kwa dakika. Kilipangiwa safari tano, kikaruka 72. Kilikufaje? Januari 2024 kilipita juu ya matuta ya mchanga yasiyo na jiwe wala alama, kamera yake ikakosa cha kujishikiza ili ijue kiko wapi, kikatua vibaya na mapanga yakavunjika. Hewa nyembamba walikuwa wameishinda. Kilichowashinda ni kutua mahali ambapo jicho halioni kitu.

Hilo sisi tunalijua vizuri. Agosti, uwanja wa mpira wa kijiji chochote kati ya Chamwino na Chemba ni unga mwekundu. Helikopta ikibakiza mita kumi hivi, vumbi linainuka, linazunguka, linarudi juu, na rubani anajikuta ndani ya wingu la kujitengenezea mwenyewe. Ndege inaweza kuwa inateleza pembeni naye akaamini imesimama. Leo watafiti wanatengeneza rada na vifaa vya leza vya kuona ardhi kupitia vumbi, na katika mambo yote mapya ya helikopta, hicho ndicho ningekiombea kifike kwetu kwanza. Kwa sasa dawa ni boza la maji. Uwanja ukimwagiwa vizuri kabla ya ndege kufika, rubani anaona. Najua ugumu wa kumwambia mama anayefuata maji mbali na ndoo kichwani kwamba boza zima litamwagwa chini. Ndiyo maana nasema kila kata ichague mahali pake mapema, penye majani au changarawe, mita 30 kwa 30 angalau, mbali na nyaya. Nyaya nazisisitiza kwa sababu umeme wa vijijini umefika karibu kila mahali, na kutoka angani waya hauonekani. Kinachoonekana ni nguzo.

Na watu. Nimeona kwenye mikutano ya kampeni watoto wakiikimbilia ndege kabla haijazima, akina mama wakishika khanga kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine, turubai la jukwaa likipaa. Panga la mkia likizunguka halionekani kabisa, ni kama hakuna kitu. Usipite nyuma ya helikopta, hata ikiwa imezimwa na hata kama dereva wa mbunge amepita. Subiri rubani akutazame na akuite kwa mkono, kisha umfuate ukitokea mbele. Uwanja ukiwa na mteremko, usikaribie ukitokea upande wa juu, kwa kuwa huko mapanga yako usawa wa kichwa. Kofia vua, mwavuli funga, mabati ya kibanda yafungwe au yaondolewe kabla. Usiku usimmulike rubani kwa tochi ya simu.

Jambo ambalo naliona karibu zaidi ni ndege zisizo na rubani. Rwanda wanapeleka damu hospitalini kwa ndege hizo tangu 2016, na kwetu 2018 ilijaribiwa kupeleka dawa kisiwani Ukerewe, kilomita 60 juu ya Ziwa Victoria kwa dakika 40 hivi. Chupa ya damu haihitaji kiti, wala uwanja wa shule. Ikipelekwa hivyo, helikopta ibaki kwa yule ambaye lazima abebwe mwenyewe. Ila anga la chini litakuwa na wawili, na hapo droni ya mpiga picha wa harusi iliyorushwa bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga inaweza kukutana na helikopta ya wagonjwa.

Mitambo nayo inazidi kujisemea. Baada ya helikopta ya Chinook kuanguka karibu na visiwa vya Shetland, Uingereza, mwaka 1986 na kuua watu 45, kwa sababu ya gia iliyovunjika, Waingereza walisukuma vifaa vinavyosikiliza mtikisiko wa gia na kutoa onyo mapema. Ni msaada mkubwa, lakini mwaka 2016 huko Norway helikopta yenye vifaa hivyo ilipoteza mapanga yake angani, wakafa 13. Ufa ulikuwa umejificha ndani ya gia, chini ya uso wake.

Mara nyingine hakuna hata gia ya kulaumu. Januari 26, 2020 helikopta iliyombeba Kobe Bryant, nyota wa mpira wa kikapu wa Marekani, ilikuwa na injini mbili, zote nzima. Rubani aliingia mawinguni, akapoteza mwelekeo, wakafa wote tisa. Wachunguzi wa Marekani walitaja shinikizo ambalo huenda rubani alijiwekea mwenyewe la kuimaliza safari. Alikuwa amembeba mtu mkubwa, na kusema "turudi" mbele ya mtu mkubwa ni kazi. Nawaomba wenyeviti, wakuu wa idara na waheshimiwa: rubani akisema hapana, msimuulize mara ya pili.

Usiku ule nesi na mimi tulilala kwa mwalimu mkuu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tuliisikia ikija, majani ya uwanja bado yana umande, kipimajoto changu kinasoma nyuzi 19. Mtendaji alikuja kuaga, akachungulia ndani. Nesi alikuwa amekaa kwenye kiti chake, boksi mapajani, mkanda umefungwa. "Leo hewa ipo?" mtendaji akauliza. Rubani akacheka, akamwonyesha kidole gumba.