Chungwa la Muheza linaweza kusubiri bei, inzi wakidhibitiwa

Ikifika Juni, Muheza mkoani Tanga machungwa huzidi magari ya kuyabeba na bei huporomoka wiki hadi wiki. Lawama zote huenda kwa soko na madalali. Lakini anayemnyang'anya mkulima nguvu ya kukataa bei mbovu mara nyingi yuko shambani: inzi wa matunda. Valencia, aina ya chungwa, ikikomaa hukaa mtini wiki kadhaa bila kuharibika. Mti wenyewe ni ghala, na halilipiwi kodi. Inzi wakizidi, ghala hilo halifai tena, na mkulima anauza kwa bei yoyote.

Anayesumbua zaidi ni Bactrocera dorsalis, aliyetoka Asia na kuonekana Afrika Mashariki mwaka 2003. Jike hutoboa ganda na kutaga chini yake. Litazame tunda kwa karibu: utaona kitundu mithili ya ncha ya sindano, na pembeni yake ganda limeanza kuwa la njano na kulegea wakati sehemu nyingine bado ni kijani. Lipasue, utakuta funza weupe, wengine wanarukaruka. Tunda likianguka, funza hutoka na kujichimbia sentimita chache tu udongoni, kisha huibuka inzi wazima. Kwa joto la pwani, mzunguko wote ni kama wiki tatu hadi nne. Maana yake matunda yaliyooza chini ya miti mwanzoni mwa msimu huzaa inzi watakaotoboa yale unayoyasubirisha.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuokota, angalau mara mbili kwa wiki. Usiyatupe pembeni mwa shamba. Yafunge kwenye mfuko wa plastiki usio na tundu na uuache juani wiki nzima, au yafukie kwa udongo usiopungua sentimita 50, ulioshindiliwa. Maembe na mapera yaliyoanguka jirani nayo yaokotwe, kwa kuwa inzi huyu huyapenda hata kuliko machungwa.

Mitego ya methili eujeno, kemikali inayovutia inzi dume, hunasa madume tu. Inakuonyesha inzi wameongezeka kiasi gani, lakini peke yake haiokoi matunda. Ongeza chambo cha protini chenye sumu, kipulizwe asubuhi kila wiki kwenye eneo dogo la majani, kama mita moja ya mraba kwa mti. Mvua ikikiosha, rudia. Majimoto, wale sisimizi wanaojenga viota vya majani mtini, waachwe. Wanauma wachumaji, najua, lakini mti wenye viota vyao inzi hutaga kwa shida. Anza na miti mingine, hiyo ichumwe mwisho.

Rangi isikudanganye. Usiku wa Tanga una joto, hivyo chungwa lililokomaa linaweza kubaki kijani. Chuma machache kutoka pande zote za mti, yaonje, yapime, kisha yakamue: maji yakiwa chini ya theluthi ya uzito, bado. Ukiyachuma sasa hayataongeza sukari safarini, kwani chungwa haliendelei kuiva baada ya kuchumwa.

Uchumaji usubiri umande ukauke, maana ganda lililojaa maji hupasua vifuko vya mafuta na kuacha mabaka. Kata kwa mkasi karibu kabisa na tunda, kikonyo kibaki. Ukivuta, kikonyo hung'oka na kuacha kidonda, na ukungu wa kijani huingia hapo hapo. Tunda lililotikiswa likaanguka chini huonekana zima leo, kesho kutwa linaoza ndani ya gari kuelekea Horohoro, mpakani na Kenya, na kuambukiza yaliyolizunguka.

Kuuza shamba zima matunda yakiwa machanga ndiko kunakoniumiza zaidi. Ukilazimika, hesabu kabla mnunuzi hajakukisia: chagua miti kumi ya ukubwa tofauti, hesabu matunda ya robo ya kila mti, zidisha kwa nne, tafuta wastani. Muandikiane tarehe ya mwisho ya kuchuma, marufuku ya kutikisa, na nani ataokota yaliyoanguka. Tarehe hiyo isivuke wakati wa maua mapya. Mti unaobeba matunda ya zamani huku ukichanua huzaa kidogo mwaka unaofuata, hata kama bei ya sasa imepanda.