Kujikaza: maana yake kundi linapokuacha

"Jikaze!" Neno hili halikosekani popote watu wanapofanya mazoezi kwa pamoja, na Wakenya wamelitia utani: jikaze kisabuni. Ila anayeambiwa hivyo huku kifua kinawaka hujiuliza akaze nini. Misuli siyo. Kukunja uso, kupandisha mabega na kuuma meno hula nguvu bure. Kocha mzuri wa mbio humtaka mkimbiaji alegeze taya na vidole hata kasi inapopanda. Kinachokazwa ni uamuzi: kuendelea na ulichopanga wakati mwili unaomba uache, ilhali bado unaweza.

Bado unaweza, naam, kwa sababu kuchoka kuna sehemu yake kichwani. Mwaka 2009 Samuele Marcora na wenzake walichapisha utafiti wa watu 16 waliopiga pedali za baiskeli hadi kushindwa. Siku waliyotanguliza dakika 90 za kazi ya kuchosha akili, walishindwa mapema kuliko siku waliyotazama tu filamu za maelezo. Moyo na misuli havikuwa na tofauti ya kueleza hilo. Kazi ile ile ndiyo waliyoihisi nzito zaidi. Ndiyo maana ukitoka kazini kichwa kimejaa, zoezi ulilolimudu juzi linageuka mlima.

Sasa tazama Iten, mji wa Kenya ulio karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Alhamisi asubuhi wakimbiaji wengi hukusanyika barabara za vumbi kwa fatileki, neno la Kiswidi la kuchezea kasi: labda dakika moja mbio kali, moja taratibu, tena na tena. Mwanzoni kundi linakubeba. Mshindo wa miguu unakuvuta, unasahau kujionea huruma. Lakini ndani yake mna mtego, maana kasi ya walio mbele si yako, na anayewang'ang'ania kwa kuona aibu huishia kutembea.

Kwa maoni yangu kujikaza kwenyewe huanza ukishaachwa. Hakuna tena mgongo wa kufuata. Hapo safari nzima haifikiriki, basi unaikata vipande: nimalize dakika hii, nifike ile kona, kisha nitaona. Walimu wa gym wanaujua ujanja huu, ndiyo maana huhesabu kurudi nyuma, nane, saba, sita; mtu huvumilia anachokiona mwisho wake.

Tofautisha tu moto wa misuli na hatari. Misuli kuwaka kote ni kazi ya kawaida. Maumivu makali ya mahali pamoja yanayokufanya uchechemee, kifua kubana, kizunguzungu: hapo unasimama, hata kama mwalimu yuko kwenye tatu na wenzako wote wanapiga kelele jikaze.