"Ni majani tu, hayana madhara"

Wifi yangu wa Ngamiani hapa Tanga alikuwa na harusi ya mdogo wake, sare ishashonwa ya kubana kiuno na kiuno chenyewe hakipo, basi akaletewa kopo la vidonge vya kupunguza mwili, limechorwa majani mabichi pande zote. Wiki ya tano ananiita chooni nikaone mkojo wake (ndiyo, chooni, sie ni ndugu) umekuwa kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Mwili unamuwasha, viazi karai akivinusa tu anataka kutapika. Nikamvuta mlangoni kwenye mwanga, macho njano.

Sasa nyie mnaosema dawa ya asili haina kemikali, hivi jani linafanyaje kazi bila kemikali? Ini ndo linazichakata zote, halijali zimetoka shambani au kiwandani.

Af kuna hili, "mbona chai ya kijani watu wanakunywa miaka yote?" Wanakunywa kweli na haina neno, ila kidonge sio kikombe jamani. Ile kemikali yake iitwayo EGCG wanaikamua na kuikoleza kwenye vidonge vya kukonda, na mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishasema 2018 kwamba vidonge vikikupa miligramu 800 au zaidi kwa siku, vipimo vya ini vinaanza kupanda kwa baadhi ya watu. Tumbo likiwa tupu ndo inaingia mwilini kwa wingi zaidi, na anayetaka kukonda si ndo huyo huyo asiyekula?

"Shoga yangu katumia hajapata kitu." Sawa, ini lake sio lako. Kuna watu maumbile yao tu hayaivani na hivyo vitu, hata dozi ya kwenye kopo inawaangusha, na huwezi kujijua mapema.

"Ingekuwa mbaya isingeuzwa." Marekani kwenyewe dawa za kukonda za Hydroxycut ziliuzwa madukani waziwazi, 2009 ndo zikaondolewa baada ya FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, kupokea ripoti 23 za watu kuumwa, kuanzia macho njano mpaka ini kufa, na mmoja alifariki. Vingine vinavyoitwa vya mitishamba vimekutwa na sibutramini ndani, dawa ya kiwandani ya kukata hamu ya kula iliyofutwa Ulaya na Marekani 2010 kwa sababu ya madhara yake kwenye moyo. Hiyo sio mitishamba, huo ni utapeli.

Na usisubiri maumivu, ini linaweza kuharibika kimyakimya. Uchovu usioeleweka, kichefuchefu, kuwashwa, mkojo mweusi, macho njano, ukiona hivyo acha vidonge siku hiyohiyo ukapime damu.

Wifi yangu daktari kamuuliza, dada unatumia dawa gani? Anajibu kwa kujiamini kabisa, "Situmii dawa yoyote." Kwake yale ni majani bwana! Mie kopo nilikuwa nalo kwenye pochi, nikaliweka mezani. Vipimo vilichukua zaidi ya miezi miwili kushuka. Harusini alienda, sare inampwaya.